Tulipomtafutia Bibi Mahali

Macho ya bibi yangu yaliiva yakawa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi waliyaona macho yale na kila mmoja akajipatia maelezo yake, wengi wakitaja uchawi, ila sisi wa nyumbani tulijua. Upande wetu, ukipita Mhunze, miti ilikuwa imekwisha zamani kwa kupisha pamba. Tulipikia mabua ya pamba yanapokuwepo, na yakiisha tulipikia mavi makavu, ndani ya nyumba ambayo haina dirisha. Bibi aliinamia moshi huo tangu alipoolewa. Mimi uliniwasha tu, nikatoka nje kujifuta. Yeye alibaki ndani na ugali wake.

Nililelewa naye kwa sababu mimi ndiye niliyezaliwa wa kwanza, na mtoto wa kwanza kwetu mara nyingi hupelekwa kwa bibi amchotee maji. Aliniita mke mwenzangu, maana babu, hata baada ya kufa, alihesabiwa kuwa ni mume wetu sote wawili. "Mke mwenzangu," ataniambia asubuhi, "mume wetu angekuwa hai angekurudisha kwenu kwa uvivu huu." Nami namjibu kwamba mume wetu alinipenda mimi zaidi, kwa vile nina meno yote.

Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda mbele, wala sikulia sana. Nilikuwa na mipango yangu. Nitajifunza kushona, nitaweka cherehani yangu barazani mjini, na kwa kazi hiyo nitamjengea bibi nyumba yenye dirisha kubwa kuliko mlango. Nilimchorea chini kwa kijiti. Aliutazama mchoro kwa makini.

"Dirisha kubwa hivi," akasema, "mwizi ataingia na ng'ombe wake mwenyewe, apumzike."

Zamani boma letu lilikuwa peke yake, na majirani waliokuwa mbali kidogo walimjua bibi tangu anakuja kuolewa. Ikaja Operesheni ya vijiji, tukahamishwa sote tukapangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, na watu tuliokuwa hatuwajui. Nyuma yetu walikaa mke na mume wametoka upande mwingine wa wilaya. Walikuwa wazuri tu, tuliazimana chumvi. Halafu mtoto wao akafa kwa homa. Haukupita muda mrefu akafa wa pili. Baada ya msiba wa pili yule mama akawa kila akimwona bibi njiani yeye anavuka upande wa pili, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Leo amenipita bila salamu," bibi alisema, huku anachambua mchicha. Kwetu mtu anaweza kukunyima mbegu, kukunyima maji, lakini salamu hakunyimi mpaka awe amekwisha kuzungumza na watu wengine juu yako.

Mwisho wa mstari wetu alikaa mama mzee aliyekuwa akiuza maziwa mgando. Naye macho yake yalikuwa kama ya bibi. Asubuhi moja alikutwa mlangoni kwake amekatwa panga. Watu wazima walisema ni wezi. Mimi nilikwenda na wengine kutazama, nikaona kuku wake wote wapo, wanadonoa kando yake.

Nilipofika kisimani siku hiyo maongezi yalikatika. Mama mmoja alinitwisha ndoo kichwani, akanisogelea kama anayeniwekea sawa kata, akasema, "Binti, bibi yako si ana mtoto Kahama?"

"Anaye. Ni mama yangu."

"Basi," akasema. "Basi."

Siku hiyohiyo nilimfunga bibi nguo zake kwenye kitenge tukaenda kusubiri gari.

Kwa wazazi na wadogo zangu, Nyasubi, pale Kahama, palikuwa na vyumba viwili, ua mdogo, na choo kimoja cha kuta za magunia. Choo hicho ndicho kilichotushinda.

Nieleze, kwa wale wa kwingine ambao hawana mambo haya. Baba alimwoa mama kwa ng'ombe, kwa heshima zote, na tangu siku hiyo yeye na bibi hawakutazamana usoni. Ni mkwe wake. Wakikutana njiani, baba anashuka kwenye mtama, bibi anajivuta kanga usoni, kila mmoja anasubiri mwenzake apite. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Choo alichoingia mama mkwe, mkwe haingii. Hawakuwa wamegombana hata siku moja. Baba alimheshimu bibi kuliko mtu mwingine yeyote niliyemjua, na heshima yenyewe ilikuwa hiyo ya kutomtazama.

Kwa hiyo mimi nikawa posta. Baba alikuwa akija asubuhi, anakohoa kwanza kule uchochoroni ili bibi ajifunike, kisha anasimama nyuma ya ukuta wa ua.

"Mwulize bibi yako kama chai imepata sukari."

Bibi yuko pale, hatua mbili kutoka ukutani. "Mwambie baba yako imepata. Mungu amzidishie."

"Baba, bibi anasema imepata, Mungu akuzidishie."

"Mwambie amina."

"Bibi, amina."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Baba akasema kutoka nyuma ya ukuta, "Unacheka nini wewe? Peleka maneno."

Nilifurahi siku zile za mwanzo, sitaficha. Nilikuwa na bibi, na wazazi, na mji, vyote mahali pamoja. Sikuona mapema kwamba baba alikuwa hana nyumba tena. Alikuwa fundi baiskeli, ana kibanda chake karibu na soko, cha mabati ya madebe. Alilala humo juu ya magunia. Chakula alikula kwa mama lishe. Choo alikwenda cha sokoni. Mvua za masika zilipoanza maji yakawa yanapita chini ya magunia, naye akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kubisha hodi.

Bibi alikisikiliza kila asubuhi kikija uchochoroni. Siku moja alimwambia mama, "Hiki kikohozi ni changu. Mwanaume wa watu nimemtoa kwake."

"Mama, hajalalamika."

"Atalalamika kwa nani? Kwangu hawezi kusema."

Baba alijaribu. Alitaka kuongeza chumba, lakini ukuta wa jirani ulikuwa umeshika ukuta wetu. Akatafuta chumba cha kupanga mtaa wa pili, nilale humo na bibi. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kiislamu, mfanyabiashara, wazazi wake walikuja na biashara kutoka pwani. Akasema hana tatizo, mzee ndani ya nyumba ni baraka. Tulikwenda na bibi kukiona chumba. Wake wa wapangaji walikuwa barazani wanasukana. Walimwamkia bibi vizuri, shikamoo, na macho yao yakabaki kwenye macho yake. Tulipokuwa tunatoka, mmoja akasema bila kushusha sauti, "Sisi hapa tuna watoto wadogo."

Yule mzee alimfuata baba kibandani kwake jioni. "Nisamehe, bwana fundi," akamwambia. "Nyumba ni yangu, lakini watoto ni wao."

Ikabaki kwa mjomba. Ndiye mtoto wa kiume wa pekee wa bibi, na alikuwa Geita kwenye machimbo. Mama alisema hatumpeleki mtu mahali ambapo hatujapaona, tukaenda mimi na yeye, nusu ya njia kwa basi na nusu juu ya lori la mahindi. Njiani kichwa changu kilijenga kama kawaida yake. Nilimwona mjomba katika nyumba ya matofali, maana dhahabu ni dhahabu. Nilimwona bibi amekaa nje kwenye kiti anamkaripia mkwewe wa kike kwa kuunguza maharage.

Tulimkuta mjomba katika kibanda cha nyasi na turubai, na wanaume wengine wanne. Ardhi yote pale ilikuwa imetobolewa mashimo, wao huita duara, na wanawake walikaa juani wanatwanga mawe kwenye vinu vya chuma, vumbi limewapaka weupe mpaka kwenye kope. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mjomba alitukumbatia, akatupa kigoda kimoja tukikalie kwa zamu.

"Mleteni," alisema, mama alipomaliza kueleza. "Mama ni mama. Nitajenga kingine pembeni."

Mwenzake mmoja alikuwa amelala kwenye kivuli cha turubai, tukidhani amesinzia. Akauliza bila kuinua kichwa, "Huyo mama yako, macho yake vipi?"

Mjomba akaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali.

"Maana mimi nauliza tu. Mwamba wetu ndiyo kwanza umeanza kutema. Ukituletea bibi wa macho mekundu hapa, dhahabu itahama, bwana. Itahamia hata kwa wale wa ng'ambo ya kilima."

Wenzake wakacheka. Mwingine akadakia, "Labda ahamie yeye kwanza ng'ambo ya kilima, dhahabu imkimbie irudi huku." Wakacheka tena, na mjomba akacheka nao. Si kicheko kirefu. Alicheka kama mtu anayeishi na watu na kesho atashushwa shimoni kwa kamba ambayo wao ndio wanaishika.

Mama alimwachia mjomba unga tuliomletea. Kwenye lori la kurudi, tulipoiacha barabara ya vumbi, akaniuliza.

"Umemwona mjomba wako alivyocheka?"

"Nimemwona."

"Haya."

Habari za kambi ya wazee mama alizisikia kanisani. Ilikuwa upande wa Shinyanga, ya serikali, ya wazee wasiojiweza, na zamani ilijengwa kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma. Neno kambi halikunipendeza, lakini hata hilo nililifanyia kazi njiani. Nikaweka maua. Nikaweka baraza, na wazee wanacheza bao.

Baraza lilikuwepo. Vyumba vilikuwa vimepangwa kwa mistari kama kile kijiji tulichokikimbia, vimepakwa chokaa, wazee wawili kila chumba. Kulikuwa na harufu ya dawa na mkojo, na juu yake harufu ya maharage. Mzee mmoja alikaa ameelekeza uso ukutani. Mwingine alituuliza kama gari la Tabora limeshapita, tukamwambia bado, akatushukuru sana. Nilitafuta ua hata moja nikaona mnyonyo umejiotea nyuma ya jiko.

Mama hakutazama nilivyotazama mimi. Aliingia kwenye chumba alichoonyeshwa, akafunga mlango, akasukuma komeo, akatoka, akaniambia niingie mimi nifunge kwa ndani. Nikafunga. Akaupiga mlango kwa bega lake lote. Haukufunguka. Akaupiga tena. Mhudumu, mama wa makamo mwenye aproni ya kijani, alibaki anamtazama.

"Mlinzi anakuwepo usiku?" mama akauliza.

"Wapo wawili."

"Na humu ndani, kuna mzee aliyewahi kufanyiwa kitu na watu?"

Mhudumu alielewa. Nadhani aliulizwa hivyo mara nyingi. "Hapa, dada, wanakufa kwa uzee," akasema. "Nusu ya wanawake wote unaowaona hapa wana macho hayohayo. Ila ujue hapa ni kwa wasio na mtu. Mwenye mtoto hapokewi. Ofisa atamwuliza mwenyewe, kwa mdomo wake. Huyo wako ana watoto?"

Mama alikuwa anajisugua bega. "Nitamleta," akasema.

Nyumbani alimweleza bibi yote, uani, na mimi nipo. Bibi alisikiliza habari za mlango, za walinzi, za maharage, akaitikia kila moja. Hilo la kusema hana mtoto alilikataa palepale.

"Wewe upo hai. Mama akisema kwa mdomo wake kwamba mtoto wake hayupo, maneno hayo yatakwenda wapi? Yatakutafuta."

"Ni maneno ya ofisini tu, mama."

"Mdomo ni huu mmoja. Sina wa ofisini."

"Mama, ukirudi kijijini watakukata." Mama alisema hivyo, wazi, na hakuna aliyewahi kulisema wazi mpaka siku hiyo. "Na ukibaki hapa baba yao atakufa na kifua sokoni. Niambie basi nikupeleke wapi."

Bibi alifuta macho kwa ncha ya kanga, yalikuwa yanatoka maji siku zote. Ndipo akasema, "Nipeleke. Lakini sitasema."

"Usiseme. Nyamaza tu."

Asubuhi ya safari baba alikuja stendi. Alisimama upande wa pili wa basi akatupa mgongo. Alinipa blanketi jipya, na wakati ule blanketi jipya mtu alilipata kwa kuzunguka maduka yote mji mzima.

"Mwambie bibi yako," akasema, na hakumaliza.

Nilikwenda kwa bibi na blanketi bila maneno. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mwambie baba yako nimesikia."

Ofisa wa kambi alikuwa mtu wa makamo, Msukuma mwenzetu kwa lafudhi, mwenye fulana ndani ya shati. Alimwamkia bibi shikamoo, akamvutia kiti.

"Mama, una watoto?"

Bibi alimtazama mama. Nami nilimtazama bibi mdomoni, niliogopa ungefunguka.

"Hana, ndugu ofisa," mama akasema. "Mimi ni jirani yake tu. Huyu binti ni wangu."

"Hata mmoja?"

"Alikuwa nao wawili. Walikufa."

Ofisa alimtazama mama, kisha bibi, kisha mama tena. Wana pua moja, ile pana ya juu kidogo, hata mimi ninayo. "Mmefanana, nyie majirani," akasema.

"Tumekaa pamoja muda mrefu."

Aligongesha kalamu mezani. Sijui alikuwa anapima nini. Mwisho alimwinamia bibi. "Pole sana mama, kwa watoto."

"Ahsante, baba," bibi akasema, na hilo ndilo neno pekee alilosema mle ofisini.

Chumbani mwake alikuwemo mama mzee aliyepona ukoma zamani, vidole vyake vimekwisha mpaka kwenye viganja. Alikuwa mcheshi. Alipomwona bibi alimwambia, "Karibu, mayu, mama yangu, hapa mimi ndiye tajiri, nina kitanda cha dirishani." Bibi akamjibu atakichukua siku tajiri akifa, wakacheka wote wawili, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza siku ile.

Tuliporudi kumsalimia tuliingia kama majirani. Mama naye alimwita "bibi" tu, kama walivyomwita wahudumu na walinzi. Alikaa kwenye kona ya kitanda akauliza habari za afya na za chakula, akijua kuta zina watu. Mimi ndiye niliyekuwa na raha, maana mzaha wetu haukumshtua mtu, wasichana wote hutaniana na vikongwe. "Mke mwenzangu," ataniambia, "jirani yangu huyu anakupa chakula kweli? Mbona umekonda?" Mama anacheka, halafu anageuka kutazama nje.

Bibi alikonda pia. Lakini alikuwa anafua, anamwoshea mwenzake vyombo na kumkatia nyama siku ya nyama, na mlango wao ulifungwa kwa komeo. Baba alirudi kulala nyumbani. Kifua chake kilichukua muda kupona.

Mwaka uliofuata mafuta ya magari yakawa shida, mabasi yakawa yanakaa stendi siku nyingi. Mama naye akajifungua mdogo wangu wa mwisho. Tulikaa muda mrefu bila kwenda. Tulipopata gari tulibeba michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na maziwa mgando kwenye kibuyu, na mtoto mgongoni apate kuonwa.

Mlinzi wa getini alitukumbuka. "Nyie majirani wa yule bibi," akasema. "Poleni. Tulishamzika, wiki iliyopita. Hakuwa na mtu wa kupelekewa habari."

Mama hakuanguka wala kulia. Alisema, "Ahsante," akakaza kanga ya mtoto, akatembea mpaka kwenye chumba. Nje ya mlango walikuwa wametandika mkeka. Yule mama asiye na vidole alikuwa amekaa juu yake na kanga nyeusi begani, na wazee waliopita walikuwa wanampa pole yeye. Kwa kambi nzima yeye ndiye aliyefiwa.

Mama alivua viatu. Alipiga magoti, akashika vile viganja.

"Pole, mama," akasema.

"Nimeshapoa, jirani. Ahsante kwa kuja. Njia ndefu."

Mimi nililia kwa sauti na hakuna aliyenishangaa. Mama alikuwa bado amepiga magoti. Akauliza, polepole, "Alikufaje?"

"Kifua tu, mwanangu. Alilala hivi, ametazama dirisha, kwa maana nilishampa kitanda changu. Asubuhi nikamwita, kimya."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

Yule mama alishangaa swali. "Ulifungwa. Alifunga mwenyewe."

Mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anayehakikishiwa jambo alilolilipia kwa kila alichokuwa nacho. Kando ya mkeka kulikuwa na sufuria na sahani mbili zenye ugali umekaukia. Alinipa mtoto nimpakate, akakunja mikono ya gauni, akaomba aonyeshwe maji yalipo aoshe vyombo.